Kamongo wa Ngitili ya Baba

Kadi yangu ya uanachama ninayo mpaka leo. Ni kipande cha karatasi ngumu ya kahawia, kimepigwa mhuri wa bluu uliokaa upande, na juu yake kuna namba kumi na tatu. Wale kumi na wawili wa kwanza walikuwa wanaume. Kanuni za chama zilisema mwanachama awe mtu mzima, mwenye akili timamu, na awe amelipa ada. Hazikusema awe mwanaume, kwa sababu wakati zinatungwa hakuna aliyewaza kwamba kungekuwa na haja ya kusema hivyo. Mimi nilipita kwenye mwanya huo.

Kwetu Usukumani, mwenye ng'ombe hujitahidi awe na ngitili. Ni eneo la majani ambalo mvua zikianza linafungwa, halichungwi na mtu, mpaka kiangazi kikali kiwe kimemaliza majani ya kwingine kote. Hapo ndipo linafunguliwa, ng'ombe wanaingia, wanaokoka. Ngitili ya baba ilikuwa umbali wa saa moja kwa baiskeli kutoka Bariadi. Ilianzia kwenye mawe makubwa, ikashuka na vichaka vyake mpaka mbugani, kwenye udongo mweusi, ambako palikuwa na lambo lililochimbwa na babu na ndugu zake kwa majembe ya mkono. Kwa kuwa ilitunzwa miaka mingi, ilikuwa na kanga, kwale na sungura, na ndani ya lambo walikuwamo perege, kambare na kamongo.

Miaka hiyo ruksa ya biashara ilikuwa imefika mpaka kwetu. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia na malori yao, maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu ambavyo tulizoea kuvisikia tu, na baadhi ya watu wa Bariadi na Maswa wakawa na kitu kingine kipya kabisa, yaani Jumapili ya kupumzika. Hao ndio walioanzisha chama cha kuwinda na kuvua. Walikuwa na leseni zao za kuwinda ndege, bunduki za marisau, na ndoano za dukani. Hawakutaka kiongozi wala mtu wa kuwabebea vitu. Kila mmoja aingie peke yake, ajitafutie, atoke na alichopata, na akiandike mwenyewe kwenye daftari lililokaa kwenye banda la getini, bila mtu wa kumkagua. Walichokosa ni ardhi tu.

Baba alikuwa na ardhi, na alikuwa na mguu mbovu uliohitaji kupelekwa hospitali Mwanza. Akawakodisha ngitili kwa miaka kumi. Watu wa kijiji walimshangaa, lakini mzee wangu hakuwa mjinga. Aligombana nao siku mbili nzima kuhusu kipengele kimoja, mpaka wakakubali kukiandika: kuanzia Septemba, ng'ombe wa nyumbani kwetu wataingia ngitilini kama kawaida, ilimradi wanasimamiwa na mwanachama kamili kutoka katika familia. Bila mwanachama wa familia, geti linabaki limefungwa. Kwetu ng'ombe walikuwa ishirini na wanne, na hapakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka kiangazi. Aliyewekwa akilini katika kipengele hicho alikuwa kaka yangu.

Kaka aliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu kabla mwezi haujaisha. Aliacha ujumbe kwa jirani, tena jirani mwenyewe alikawia kuuleta. Nilibaki mimi, mwalimu wa shule ya msingi, niliyerudi kwa wazazi baada ya ndoa kunishinda, nikiwa na sanduku moja la bati na hasira za kutosha watu wawili.

Baba aliniita uani. "Mayu," aliniambia, yaani mama, kama kwetu wazee wanavyowaita binti zao, "wewe utaweza?"

Niliudhika kwamba ameuliza. "Kwani wao wanaweza nini, baba?"

Alicheka, kisha akanipa ile ada.

Mkutano wa kunipokea ulifanyika mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Tabora, mpole, mtu wa kumkaribisha kila anayeingia kwa chai. Aliniangalia, akaangalia kanuni, akageuza karatasi upande wa pili kana kwamba huko kuna msaada. Bwana mifugo wa wilaya, ambaye alimfahamu baba kwa sababu ya chanjo za ng'ombe, alikuwa anajizuia kucheka. Aliyezungumza alikuwa fundi mkuu wa kinu kimoja cha pamba cha upande wa Maswa, Msukuma mwenzetu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuzoea kushindana na mashine.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, kwa heshima zote. "Hatuna ubaya na wewe. Lakini mwanachama mpya ni wa majaribio. Kwenye mkutano wa mwisho wa Agosti lazima alete windo lake, alilolipata peke yake ndani ya ngitili, linalotosha kila aliyehudhuria aonje. Hakuna nyavu, hakuna mitego ya waya, hakuna mbwa. Na bunduki huna."

"Nimekusikia, baba," nilimjibu. "Na akileta?"

"Akileta, analionja yeye kwanza mbele ya wote, halafu tunakula. Ndivyo walivyofanya wawindaji wa zamani, kuonyesha kwamba mkono wa mwindaji ni safi na nyama haina kitu. Baada ya hapo ni mwanachama kamili mpaka mkataba uishe, na hakuna wa kumtoa."

"Hayo yameandikwa wapi?"

Hayakuwa yameandikwa popote. Walikuwa wanayajua tu, na mimi sikutaka kuwa mgeni wa mambo wanayoyajua wao tu, wakayabadilisha Agosti ikifika. Nikawaambia kwamba mimi ni mwalimu, mwandiko wangu unasomeka, waniletee kalamu. Pale pale, kwenye meza iliyojaa misumari, niliandika kila sharti kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma. Niliandika: mwenye windo ataonja kwanza, mbele ya wanachama wote, na asiyeonja windo lake halihesabiki. Sentensi hiyo niliitunga mimi. Niliisoma kwa sauti, wakaipitisha, nikarudi nyumbani kwa baiskeli nikiwa najisikia nimewafunga kamba.

Fundi hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Alipenda ndege tu, na aliamini ng'ombe wakiingia kanga watahama. Kama ningeshindwa, ngitili ingekuwa ya ndege kiangazi chote, naye asingelazimika kumtukana mtu yeyote. Alikuwa ananisubiri nishindwe kwa amani.

Nikaanza kushindwa. Kila Jumamosi baada ya kufua, na kila Jumapili baada ya ibada, nilikwenda ngitilini na ndoano yangu na kopo la minyoo. Mwezi wa nne na wa tano lambo lilikuwa limejaa, na samaki walikuwa na nafasi ya kutosha ya kunikimbia. Nilipata perege wa kukaa kiganjani, wawili, watatu, na kuwaonjesha watu kumi na wawili perege hao kungekuwa dhihaka. Nilitengeneza mkuki mwepesi nikajaribu kuvizia sungura, na nilichojifunza ni kwamba sungura anasikia gauni. Nikavaa suruali ya kaka. Kanga nao walikuwa wanakaa hatua ishirini mbele yangu, wanakimbia kidogo, wanasimama, wanapiga kelele zao za kukwaruza, na nilipata hakika kwamba wananijadili. Kila jioni niliandika kwenye daftari: sikupata kitu. Kurasa za wenzangu zilikuwa na kanga watatu, kwale watano, kambare mkubwa. Yangu ilikuwa mstari uleule, kwa mwandiko mzuri.

Mwezi wa sita tulivuna pamba, nikawa sina nafasi. Mwezi wa saba lambo lilianza kupungua haraka kuliko miaka mingine. Mvua za masika zilikuwa zimekatika mapema, na jua lilikuwa linakunywa maji mchana kweupe. Korongo walijipanga pembeni wakiokota samaki bila haraka, wakaokota na wale wangu. Katikati ya Agosti palibaki dimbwi la ukubwa wa darasa moja, halafu nusu darasa, halafu tope.

Bwana mifugo alinikuta siku moja nimekaa kwenye banda la getini, naangalia daftari. Alitazama huku na huku, ingawa tulikuwa peke yetu.

"Mwalimu," alisema, "wachuuzi wa samaki wanatoka Kiloleli na baiskeli kila Alhamisi. Wana kambare wakubwa tu. Kambare hana cheti cha kuzaliwa."

"Unaniambia ninunue?"

"Sijakuambia kitu. Nakueleza habari za wachuuzi."

"Na wewe kambare wako wa mwezi wa tano alitoka Kiloleli?"

Alicheka mpaka akafuta macho. Nilijua ananitakia mema, na bado nilikasirika njia nzima. Hilo daftari lilikuwa kwenye ardhi ya baba, ndani ya banda lililojengwa kwa miti ya baba. Nisingeweza kuandika uongo humo halafu nikawapitisha ng'ombe getini. Pengine ni kiburi tu. Mama alizoea kusema kwamba kiburi changu kingenitosha hata kama ningezaliwa na miguu minne.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Majani ya nje ya ngitili yalikuwa yamekwisha kabisa, na ng'ombe walishinda wakilamba mabua ya mahindi. Ng'ombe jike mmoja mwekundu, ambaye mama alikuwa anampenda kuliko sisi watoto wake, alianza kuinuka kwa shida asubuhi. Mama alikuwa anamsukuma kwa bega.

Siku hiyo baba aliniita tena. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha juu ya gunia la pumba. Alichora duara ardhini kwa fimbo.

"Lambo likikauka, kambare anakufa, perege anakufa. Kamongo haendi popote. Anajichimbia kwenye tope, anajizungushia gamba, analala humo mpaka mvua. Tafuta tundu dogo la kuingia kidole, kingo zake laini. Matundu yenye kingo mbaya ni ya vyura. Ukilipata, piga magoti, gonga chini kwa vidole, polepole, halafu haraka haraka, kama matone ya mvua ya kwanza. Yeye kazi yake ni kungoja mvua. Atakujibu."

"Atajibu nini?"

"Utasikia mwenyewe. Mguu wangu ungekuwa mzima, ningekuonyesha, na wao wangesema uliongozwa." Alifuta lile duara kwa fimbo, akashusha sauti. "Mama yako asisikie habari hii mapema."

Nilijua kwa nini. Katika ukoo wa mama, mwanamke hali kamongo. Mwanamume anaweza, porini na wanaume wenzake, na baba aliwahi kumla huko ujanani bila kurudi na harufu yake nyumbani. Mwanamke, hapana. Nilikuwa nimelijua hilo tangu utotoni, kama ninavyojua jina langu. Lakini nilijiambia kwamba mimi namtoa kamongo ardhini tu, sisemi kumla. Sharti nililoliandika kwa mkono wangu lilikuwa limelala kabisa kichwani. Hata sasa nikikumbuka nashangaa: mwalimu anayewachapa watoto kwa kusahau jedwali la saba, alisahau sentensi yake mwenyewe.

Nilikwenda Ijumaa, nikiwa nimeomba ruhusa shuleni. Sakafu ya lambo ilikuwa imepasuka vipande vya ukubwa wa sinia. Nilitembea nimeinama tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, nikachungulia matundu ya vyura kwa mamia. Niligonga, nikalaza sikio juu ya udongo wa moto, nikasikia damu yangu mwenyewe. Nikahamia kwingine. Suruali ya kaka ilichanika magotini. Nilikuwa nimeanza kuzungumza na ardhi, na si kwa lugha ya kanisani.

Karibu na mahali ambapo zamani tulichota maji ya kunywa, niliona tundu la kingo laini. Niligonga kwa vidole, polepole, kisha haraka haraka. Kimya. Nikagonga tena. Chini, mbali kidogo, kitu kililia kwa sauti nzito fupi, mlio wa mtu aliyeamshwa anayetafuna mdomo kabla ya kufumbua macho. Nikagonga mara ya tatu, akajibu tena. Alikuwa anaamini mvua imefika.

Nilichimba pembeni, si juu yake, kina cha mkono mzima. Nilitoa bonge zima la udongo, zito kama mtoto wa miaka miwili, na kwenye upande uliobanduka niliona gamba la kahawia, jembamba, na ndani yake mkunjo wa mwili mnene uliojipinda mpaka mkia ukafunika uso. Alikuwa anapumua. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, peke yangu, katikati ya lambo kavu. Kisha nikaandika kwenye daftari: kamongo mmoja, mkubwa, yu hai. Nikaliweka bonge kwenye karai, nikajitwisha.

Mama alikuwa anachambua mchele uani. Aliona karai, akaona udongo mweusi, akaacha ungo.

"Nini hicho?"

"Windo langu, mama."

Alisimama akachungulia. Mama alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Huyo ni dada yako," alisema. "Bibi wa bibi yangu alikimbia njaa akiwa na watoto, wakafika lambo kavu. Alisikia sauti chini, akachimba, akamkuta huyo, na chini yake akakuta maji. Wakanywa. Alimrudishia udongo wake, akaapa kwa ajili yetu sote. Mrudishe."

"Kumtoa si kumla, mama. Watakaomla ni wao."

"Wao tu?"

Hapo ndipo ile sentensi iliponirudia, neno kwa neno, na mwandiko wake. Ningeweza kunyamaza. Lakini sikuwahi kumdanganya mama.

"Mwenye windo anaonja kwanza," nilisema. "Asiyeonja, windo lake halihesabiki."

"Nani aliyetunga sheria ya namna hiyo?"

"Mimi."

Mama alikaa tena kwenye kigoda chake. Nafikiri siku nyingine angecheka. "Basi hiyo sheria yako na huyo dada yako, chagua," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Baba hakunisaidia. Nilimwangalia, akaangalia mguu wake. Jumamosi nilirudi lamboni tangu alfajiri nikitafuta chochote kingine, nikarudi na malengelenge. Bonge la udongo lilikuwa kivulini nyuma ya jiko, na kila nilipopita nilijua mle ndani anapumua, na kwamba bado ningeweza kumrudisha na maji kidogo akaendelea kungoja mvua yake. Nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma na yule jike mwekundu pia, ambaye asubuhi hiyo tulimwinua watu watatu, mama akiwa mmoja wao. Sikuweza kuwahurumia wote wawili kwa pamoja. Jumapili nilivaa gauni langu la kazini, nikajitwisha karai, nikaenda mkutanoni.

Walikuwa wamehudhuria wote. Mwenyekiti alifurahi kuona samaki, kwa sababu ndege wa bunduki walikuwa wanampa taabu kila mara kuhusu kuchinjwa. Bwana mifugo alilipasua bonge, akamtoa kamongo, akasema hajawahi kuona mkubwa namna hiyo, akamkata kwa panga. Walimpika kwenye sufuria, kwa chumvi, nyanya na vitunguu. Fundi alinitazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa Msukuma, alikuwa na umri wa kaka mkubwa wa mama, na alijua mama yangu ametoka ukoo gani.

Alichukua karatasi ya kanuni, akasoma sentensi yangu polepole, bila kejeli. "Mwalimu," alisema, "najua mwiko wa kwa mama yako. Hakuna hapa atakayekulazimisha. Ukiacha, tutakushukuru kwa samaki, na tutaachana vizuri."

Mwenyekiti aliweka sahani chini. "Kama ni mambo ya mwiko, tupige kura tumsamehe. Samaki amepatikana, tumemwona kwa macho."

"Tukimsamehe yeye, kesho mtu ataleta kuku wa bandani aseme na yeye ana mwiko," fundi alijibu.

Wakaanza kubishana, na nilihesabu nyuso nikaona kura zingetosha. Nilitamani sana ziniokoe. Lakini niliona pia itakavyokuwa: ningekuwa mwanachama wa kusamehewa, na kila Septemba ng'ombe wetu wangesimama getini wakisubiri kama wenye msamaha wao bado wanakumbuka. Kilichosamehewa kwa kura kingeondolewa kwa kura.

"Msipige kura," niliwaambia. "Nipeni sahani."

Nilichukua kipande cha karibu na mgongo. Kilikuwa na mafuta, kigumu kuliko kambare, na harufu ya lile lambo. Nilitafuna mbele ya wanaume kumi na wawili, nikameza, nikachukua cha pili ili mtu asije akasema sikumeza cha kwanza. Nilikuwa na uchungu, na pia hasira dhidi yao na dhidi ya kalamu yangu. Jambo ambalo sikumwambia mama kamwe ni kwamba alikuwa mtamu. Fundi ndiye aliyepokea sahani baada yangu, akala, akanipa mkono.

"Wabeja, mayu," alinishukuru. "Umemaliza."

Siku ya kwanza ya Septemba nilifungua geti mwenyewe. Ng'ombe waliingia wakikanyagana, wakashusha vichwa, na kwa muda hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa ya majani yanayokatwa. Jike mwekundu aliingia wa mwisho, akala amelala. Baada ya wiki mbili alikuwa anasimama bila msaada. Wote ishirini na wanne walivuka kiangazi kile.

Wiki hiyohiyo mama alikwenda mnadani akarudi na chungu kidogo cheusi. Alikiweka peke yake, upande wa pili wa jiko. Katika ukoo wao, mwanamke aliyekula kamongo hashiriki chombo na wenzake. Hakunifukuza, hakunisema, hakumweleza jirani hata mmoja. Alipika kama kawaida, na wakati wa kugawa alinimiminia uji au mchuzi kwenye chungu changu kutoka juu, kwa uangalifu, upawa wake usiguse ukingo. Mimi nilikula pembeni, wao walikula pamoja. Mara ya kwanza nilifikiri nitazoea baada ya mwezi. Ilichukua miaka, na sikuzoea. Kuna siku nilitaka kukivunja kile chungu, nikakiosha nikakirudisha mahali pake.

Chama chenyewe hakikumaliza miaka kumi kwa nguvu ile. Kinu cha fundi kilifungwa, akahamia kwa watoto wake. Mwenyekiti alihamisha biashara. Baba alifariki mwaka ambao mkataba uliisha, akiwa ameona ngitili ikirudi mikononi mwetu na ng'ombe wakiwa wameongezeka. Kaka alirudi kutoka machimboni kuja kumzika, akala kwenye sinia moja na mama.

Mama aliugua miaka minne baadaye. Nilimuuguza nyumbani. Mwishoni hakuwa anakula kitu isipokuwa uji mwembamba wa maziwa, nami nilikuwa nampikia kwenye sufuria yake, kwa kijiko chake, mikono nimenawa mara mbili, nikichunga ule mwiko kwa niaba yake kwa kuwa yeye hakuwa na nguvu ya kuuchunga.

Asubuhi moja alisukuma kikombe. "Leta chungu chako," alisema.

Nilifikiri anaweweseka. "Kipi, mama?"

"Kile cheusi. Nimiminie humo."

"Mama, mwiko."

Alipumzika kidogo, macho ameyaelekeza mlangoni, ambako wajukuu wa yule jike mwekundu walikuwa wanatolewa kwenda ngitilini.

"Wale ni wazima kwa sababu ya yule uliyemla," alisema. "Mimi nimekunywa maziwa yao miaka yote hii. Unafikiri nilikuwa nakula nini?"

Nilikwenda kukichukua. Nilimimina uji, nikamwinua mgongo, nikamshikia chungu mdomoni. Alikunywa taratibu, akapumzika, akanywa tena. Kisha akakisukuma kwangu kwa vidole viwili, nami nikanywa uliobaki.